Mama Aliyefundishwa Kutulia

Kule kwenye kiwanda cha kufulia walimwita Mama Pasi, na jina lile lilimkaa vizuri, maana kazi hiyo aliianza akiwa msichana na hakuwahi kufanya nyingine. Alisimama kutwa mbele ya meza ndefu yenye godoro jembamba lililoungua pembeni, mabomba ya mvuke yakikoroma juu ya kichwa chake. Mashuka ya hoteli, makoti ya madaktari, vitambaa vya meza za wakubwa, vyote vilipita mikononi mwake. Joto la pasi alilipima kwa kuisogeza karibu na shavu, na nguo ya mtu hakuwahi kuiunguza.

Alikuwa mtu wa kuangalia mara mbili. Akizima jiko, akafika mlangoni, alirudi kulitazama tena kama limezimika. Kitasa alikivuta na kukivuta mpaka siku moja jirani akamuuliza kama alikuwa na nia ya kuondoka nacho. Akisikia mtu anapiga chafya ghorofa ya chini, alikwenda kufunga dirisha lake la juu.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa mtoto mkimbiaji.

Binti alikuwa wa pekee. Mwembamba, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, na hasira zake zilikuwa za karibu. Ndiyo maana baba yake akamwita Kiberiti. Baba mwenyewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na nyumbani alikuja kama mgeni: alikula, alilala, alisifia chakula, akaondoka. Malezi yote yalibaki kwa mama. Tangu utotoni Kiberiti hakuweza kutumwa dukani akaenda akitembea. Alishuka ngazi za jengo lao mbio, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayegonga mlango kwa pupa, na mama yake huko juu aliushika moyo wake kwa mkono mpaka zile hatua zirudi. Mwalimu wa riadha alimwona shuleni, akamtia kwenye klabu yake, na alipoanza sekondari hakukuwa na msichana wa rika lake aliyempita kwenye mita elfu moja na mia tano.

Watu wakampongeza mama. Mama akashukuru. Lakini kila palipokuwa na mashindano, alikagua jiko mara nne tangu asubuhi, na chai akaiacha mezani ikapoa. Wenzake walikwenda uwanjani kutazama mbio. Yeye alikwenda kusubiri balaa.

Na balaa, ukilisubiri sana, utaliona hata pale lisipokuwapo. Kwenye mashindano ya shule, Kiberiti akiwa wa pili na akimnyemelea wa kwanza, alijikwaa kwenye kona akapiga goti moja chini. Kabla hajainua uso, mama yake alikuwa ameshavuka uzio. Hakuna aliyeelewa mwanamke wa umri ule, mwenye sketi ndefu na pochi begani, alivukaje uzio uliomfika kifuani. Alikatiza nyasi mbio, kiatu kimoja kikabaki nyuma, akamfikia mtoto, akamwinua kwa makwapa na kuanza kumpangusa goti kwa ncha ya kilemba.

"Mama, niache," Kiberiti alisema kwa meno yaliyofumbwa. "Naweza."

"Tulia nikuone."

"Mama, niache niende."

Akaja mwamuzi mwenye bendera, polepole, kama mtu anayekwenda kutoa habari ya msiba. Sheria ni sheria: mkimbiaji akiinuliwa na mtu wa nje, ametolewa. Kiberiti akatolewa mbioni kwa ajili ya mchubuko ambao hata bandeji ingeona haya kuufunika.

Wanafunzi wakapata mchezo. Kila Kiberiti alipopita, hakukosekana mmoja wa kujidondosha chini na kuita kwa sauti nyembamba, "Mama, njoo uniinue." Nyumbani hakulia wala hakugomba, na hilo lilimtisha mama yake kuliko kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akifungua kamba za viatu.

"Sikukatazi kuja," alisema. "Lakini ukija, kaa."

"Nilikuona umeanguka, mwanangu."

"Najua uliniona. Wewe unaona kila kitu. Hata nikianguka tena, kaa. Hata nikifa, kaa."

"Usiseme maneno hayo."

"Basi ahidi."

Akaahidi. Angefanya nini? Mtoto alikuwa anamtazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto.

Haukupita muda Mwalimu akawaita wazazi. Alikuwa kijana mrefu, filimbi shingoni, sauti ya upole. Aliwaketisha kwenye madawati ya darasa moja, mama wanene wakabanwa magoti, akawaeleza jinsi mzazi anavyopaswa kujituliza.

"Hofu ya mzazi ni kama mafua," alisema. "Hukusudii kumwambukiza mtoto, lakini mnalala nyumba moja, atayapata tu. Msiwaulize habari za miguu. Mtoto akiulizwa kila siku unaumwa wapi, mwisho atatafuta pa kuumwa. Mwulizeni neno moja: umefurahia mazoezi? Basi, yatosha. Na wewe mzazi, ukishikwa na wasiwasi pale uwanjani, kalia mikono yako. Vuta pumzi kwa pua, itoe kwa mdomo taratibu, kama mtu anayepoza chai. Ukiona jambo, njoo kwangu. Mtoto mwache."

Wazazi wengine waliitikia kwa vichwa, wakaenda zao, na kabla ya kufika getini wameshasahau. Mama Pasi hakusahau hata nukta. Shule aliiacha mapema, hesabu za kugawanya hakuzifikia, na kwa hiyo neno la mwalimu kwake halikuwa ushauri. Lilikuwa kama zile alama zilizoshonwa ndani ya ukosi wa nguo: hii isikamuliwe, hii isitiwe dawa ya kung'arisha, hii isiguswe na pasi. Huulizi kwa nini. Unafuata, la sivyo unaharibu mali ya watu.

Kazini alimsimulia mwenzake wa kukunja mashuka, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu waliyemwita Shangazi Redio kwa sababu alikuwa hazimwi.

"Kumbe siku hizi hata kuogopa kuna mwalimu wake?" Redio alisema, wameshika shuka kila mmoja upande wake. "Mimi wanangu niliwalea kwa kelele, na wote wana meno. Vuta huko, unalegeza."

"Anasema nikalie mikono."

"Na makofi utapiga na nini?"

"Sitapiga."

"Basi utakuwa umekwenda kutazama mbio au kuatamia mayai?"

Wakacheka mpaka msimamizi akageuka. Lakini tangu siku ile Mama Pasi akaanza kujifunza kutulia, tena kwa bidii. Bomba la mvuke likivuta, naye anavuta. Likishusha pumzi, naye anashusha. Neno la wasiwasi likimjia nyumbani analitafuna na kulimeza, kavu kavu. Kiberiti akirudi na kikohozi, mama anauma ulimi. Akichelewa, mama anapanga vikombe, anavipangua, anavipanga tena. Mtoto akiingia anakuta uso umenyooshwa kama foronya.

"Umefurahia mazoezi?"

"Nimefurahia."

Kwa Mwalimu, hata hivyo, alikwenda, maana hilo liliruhusiwa. Alikwenda kwa ajili ya kikohozi. Akaenda kwa ajili ya ukucha mweusi wa kidole gumba. Akaenda tena kwa ajili ya mbwa mmoja aliyezoea kulala kando ya njia ya kukimbilia, ambaye hakuwa amemgusa mtu ila alikuwa na macho asiyoyapenda. Kila mara Mwalimu alimsikiliza, akatabasamu, akamrudisha nyumbani.

Mashindano yaliyofuata alikaa. Alikalia mikono yake kwenye ubao wa jukwaa, akapoza chai isiyokuwepo, na Kiberiti akashinda. Baadaye Mwalimu alimsimamisha mbele ya wazazi wenzake.

"Mnamwona mama huyu? Ndiye aliyevuka uzio. Leo mmemwona? Hakutikisika. Jifunzeni kwake."

Mama Pasi aliinamisha uso, akajifanya anatafuta kitu ndani ya pochi. Katika maisha yake yote mwalimu alikuwa hajawahi kumnyooshea kidole isipokuwa kwa kuchelewa. Maneno yale alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo, na kazini akamrudia Redio mpaka Redio akasema, "Haya, tumesikia, wewe ni nguzo ya umeme."

Lakini mama akikatazwa kuuliza kwa mdomo, atauliza kwa mikono. Ndipo likaja taulo.

Lilikuwa taulo zito la hoteli, lililotolewa kazini kwa sababu limechanika pindo. Mama alilinyunyizia maji, akalikunja mara tatu, akalipitishia pasi mpaka mvuke ukaingia ndani kabisa ya nyuzi, akalijaribu shavuni, kisha akalifunga kwenye mguu wa mtoto kuanzia chini ya goti hadi kifundo. Kiberiti alilala chali kwenye mkeka, miguu mapajani kwa mama yake, macho amefumba. Redio za majirani ziliimba chini, maji yalitiririka kwenye mabomba ya jengo, na mvuke wa taulo ulinukia sabuni ya unga. Mama aliona kwamba hapo ndipo walipopatana. Hakuuliza, na mtoto alikuwa mikononi mwake.

Mwanzoni taulo lilikuwa la siku za mazoezi mazito tu. Baadaye likawa la kila jioni. Halafu Kiberiti akaanza kuliomba asubuhi pia, kabla ya shule.

"Mama, taulo."

Mama akafurahi. Mtoto aliyemwambia kaa, sasa anamwita. Kuna mama gani asingekurupuka kuchomeka pasi?

Hata hivyo macho yake hayakuwa yamesoma masomo ya kutulia. Mdomo ulifundishika, mikono ilikaliwa, macho yakabaki yale yale. Aliona Kiberiti akipiga mswaki amesimama kwa mguu mmoja, kama kuku kwenye mvua. Aliona kwamba taulo likipita sehemu moja ya muundi wa kulia, mahali padogo penye uvimbe usiozidi tembe ya dawa, vidole vya mguu vilijikunja. Na ngazi ziliharibika. Zile hatua za kugonga mlango kwa pupa hazikuwepo tena. Mguu wa kushoto ulitua, wa kulia uligusa na kuondoka haraka, kama mtu anayejaribu pasi kwa ncha ya kidole.

"Niongeze moto?" aliuliza.

"Ongeza."

Hayo ndiyo maneno waliyobakiwa nayo.

Mbio za uteuzi zilikuwa zinakaribia. Wawili wa kwanza wangechukuliwa kwenye chuo cha michezo, wakae huko, wasome huko, wavae jezi ya taifa wakifika umri. Kiberiti hakuwa na jambo jingine kichwani. Kwenye masomo alikuwa wa katikati, kwenye kuimba hakuwemo, mikono yake kwenye shuka ilikuwa ya hovyo. Kitu alichopewa duniani ni miguu. Baba yake alipiga simu kutoka njiani, lori likinguruma nyuma yake.

"Mwambie nimeshawaambia kila mtu kwenye kila mizani ya barabarani. Wananiita baba bingwa. Anaendeleaje?"

"Anafanya mazoezi."

"Na wewe? Presha?"

"Nimetulia."

"Hapo ndipo ninapoogopa," alisema, akacheka, na simu ikakatika.

Mama alikwenda kwa Mwalimu kwa mara nyingine. Alimkuta kandokando ya uwanja, saa ya kupimia mkononi, watoto wakipita mbele yake kama mashuka kwenye mashine ya kunyoosha.

"Mwalimu, samahani, naomba kidogo."

"Karibu, Mama Pasi. Kuna jipya? Au ni yule mbwa?"

Akacheka, na mama naye akacheka, kwa adabu.

"Ni mguu wake wa kulia. Hautui sawasawa."

"Amekwambia anaumwa?"

"Hajasema. Simuulizi. Ulitukataza."

"Vizuri sana. Mimi nimemuuliza, anasema yuko sawa. Kipindi hiki wote miundi inawauma, mama, ni mazoezi. Ninamwangalia." Macho yake yalikuwa kwenye saa. "Umetoka mbali sana wewe. Usinirudie tena kwenye uzio."

Lile neno uzio lilimwingia kama sindano. Alikuwa na mengine ya kusema. Ngazi. Mswaki. Vidole vinavyojikunja. Na taulo, asubuhi na jioni, kila siku la moto zaidi. Lakini alipoyasikia yakijipanga kichwani aliyaona yanafanana na ukucha, na kikohozi, na mbwa. Akaomba radhi kwa kupoteza muda wa watu, akaondoka.

Asubuhi moja katika wiki ile alisimama mlangoni mwa chumba cha binti yake, kikombe cha chai mkononi. Kiberiti alikuwa amekaa, ameushika muundi kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeshika kitu kinachotaka kumtoroka. Aliposikia mlango akaiondoa mikono.

"Mwanangu."

"Naam."

Neno lilikuwa pale, limefika mpaka kwenye meno. Unaumwa? Neno fupi tu. Mama akavuta pumzi kwa pua, akaitoa kwa mdomo.

"Umefurahia mazoezi?"

"Nimefurahia, mama."

Siku yenyewe ikafika. Kabla ya kutoka Kiberiti akalala mkekani.

"Leo nataka la moto kabisa."

Mama akalipiga pasi. Akalisogeza shavuni, na shavu likamwambia hapana, joto hili ni la kitani, si la ngozi ya mtoto. Akalipunga hewani lipoe.

"Usilipoze. Weka."

Akaweka. Kiberiti akafumba macho, machozi yakamchirizika kuelekea masikioni, na midomo ikatabasamu. Taulo lilipoondolewa ngozi ilikuwa nyekundu iliyoiva. Akasimama, akaruka mara moja, akaruka tena.

"Unaona? Niko sawa."

"Naona," mama alisema.

Shangazi Redio alikuja uwanjani na mwavuli wa jua, maana kutazama mbio bila kuzitangaza aliona ni dhambi. Walikaa safu ya mbele, karibu na kona ya mwisho. Mama alikalia mikono kabla hata wakimbiaji hawajavua suruali za mazoezi.

"Hao wameondoka," Redio alitangaza. "Wako ametulia, wa nne. Amemwachia yule mwenye soksi za njano apasue upepo. Akili hiyo kaitoa wapi, kwa baba yake? Haiwezekani."

Mama hakuwa na habari ya soksi. Alikuwa anatazama mguu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikuwa wa kujikaza. Kwenye wa tatu, joto la taulo lilikuwa limekwisha. Aliliona likiisha, kama anavyoona shuka likipoa kabla ya kukunjwa. Bega la kulia lilianza kushuka kila mguu ulipogusa chini. Kengele ya mwisho ikalia na Kiberiti akahamia njia ya nje, akampita wa tatu na wa pili, akampita mwenye soksi za njano, jukwaa zima likainuka, na Redio akauangusha mwavuli.

Ilikuwa pale pale mbele yao. Mguu wa kulia ulitua, na mtu wa juu yake hakuwa na kitu cha kusimamia. Wengine walisema baadaye walisikia mlio, kama kijiti kikavu. Mama hakusikia mlio. Aliona mtoto akienda chini bila hata kutanguliza mikono.

Akavuta pumzi kwa pua.

"Mwenzangu," Redio alisema. "Huyo ni wako."

"Najua."

"Basi inuka."

"Akiinuliwa wanamtoa."

"Inuka, dada. Huyo hainuki."

"Nimeahidi."

Kiberiti alijiinua kwa viwiko. Akaburura mwili kidogo mbele, kuelekea mstari uliokuwa bado mbali. Wenzake wakampita, mmoja mmoja, wakikwepa. Kisha aligeuza uso upande wa jukwaa, akatazama safu ya mbele, na mama yake akauona uso wote. Miaka baada ya hapo hakuweza kusema kwa hakika ule uso ulimwambia nini. Huenda ulisema njoo. Huenda ulisema kaa. Alikuwa amejifunza kuusoma mguu, ngazi, mswaki. Uso alikuwa ameacha kuuliza.

Akatoa pumzi kwa mdomo, taratibu.

Aliyevuka uzio alikuwa Redio, na magoti yake mabovu, akitukana njia nzima. Nyuma yake Mwalimu akaja mbio kutoka ng'ambo, filimbi ikimpigapiga kifuani. Ndipo mama naye alipoinuka, na alipotaka kushika chuma cha uzio akakuta mikono imekufa ganzi, haishiki kitu.

Hospitali iliyowapokea ilikuwa mojawapo ya zile alizopigia makoti pasi. Daktari, mwanamke kijana, aliiinua picha ya mfupa kwenye mwanga.

"Mfupa huu haukuanza kuvunjika leo," alisema. "Leo umemaliza. Ulikuwa na ufa wa siku nyingi. Ungepumzishwa mapema ungejiunga wenyewe." Akamgeukia Kiberiti. "Ulikuwa unatembeaje na maumivu hayo? Kuna kitu ulikuwa unatumia?"

"Hakuna. Nilikuwa navumilia tu."

Mama akasimama. "Daktari, kulikuwa na taulo. La moto. Mimi ndiye niliyekuwa..."

"Mama," Kiberiti alisema, bila kupandisha sauti, anatazama ukuta. "Kaa."

Akakaa.

Daktari aliwatazama wote wawili, kisha akaendelea. Watamtia chuma. Atatembea. "Kuhusu kukimbia mashindano, mama, sitaki kukudanganya."

Mwalimu alikuja wodini, akasimama mlangoni, filimbi ameificha ndani ya shati.

"Mama, ulinieleza."

"Nilikueleza kidogo tu."

"Ungening'ang'ania. Ungenishika hata shati."

"Ulinisifu, Mwalimu," mama alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajibu alichoulizwa.

Kijana wa watu akainamisha kichwa. Alikuja tena siku nyingine, akakaa kidogo, akaondoka. Baadaye akawa na watoto wengine wa kufundisha.

Mfupa ulijiunga, lakini ulijiunga vibaya, na chuma kikabaki ndani. Mwenye soksi za njano alikwenda chuo cha michezo. Shuleni hakuna aliyejidondosha tena kumwigiza Kiberiti. Walimpisha njiani kwa heshima, na heshima ile aliichukia kuliko ule mchezo. Baba alipiga simu, akasema mifupa ya ukoo wao ni migumu, mtaona. Kadiri miezi ilivyokwenda alipiga akauliza habari za mvua tu.

Shule ilipokwisha, msimamizi wa kiwanda alimpa Kiberiti kazi ya kupanga foronya, kazi ya kukaa. Mama anapiga pasi meza ya pili. Akiinua macho anauona mguu wa kulia chini ya kiti, umenyooshwa mbele, na mkono ukishuka kuushika kila hali ya hewa inapobadilika, kisha ukirudi juu haraka.

Sasa anauliza. Hakuna wa kumkataza tena.

"Unaumwa?" anauliza asubuhi.

"Hapana, mama."

"Unaumwa?" anauliza wakirudi, ngazi ya katikati, Kiberiti ameshika ukuta anajifanya anatafuta funguo.

"Hapana."

Na mama anajua si kweli, na mtoto anajua kwamba anajua. Ameshafundishika naye. Walisoma darasa moja.

Taulo bado liko, juu ya kabati. Jioni moja ya baridi mama alilishusha, akalitazama pindo lake lililochanika.

"Nikupashie?"

Kiberiti alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, anavua viatu. Alivuta pumzi kwa pua, akaitoa kwa mdomo taratibu, na mama yake akaiona pumzi ile, akaitambua ilikotoka.

"Hapana, mama. Pumzika." Akaweka viatu pamoja, kimoja kando ya kingine. "Umefurahia kazi leo?"

Mama alilikunja taulo mara tatu, akalilaza magotini. Mkono wake ulilipapasa kutafuta mahali penye joto.

"Nimefurahia," alisema.